Nusu Saa ya Kahina Ziri

Kwenye barza zetu kosa kubwa la Batman v Superman linajulikana, wala si lile wanalolitaja wahakiki wa Marekani. Kosa ni kwamba stelingi kafa. Superman anachomwa na lile dude Doomsday, anazikwa, na filamu inaishia juu ya jeneza. Kijana aliyekulia Mwembetanga au Wete, aliyelelewa na sheria kwamba stelingi hafi, hawezi kulisamehe hilo hata akielezwa kwamba shujaa atafufuka filamu ijayo. Sina ugomvi na hoja hiyo. Ninachotaka kukizungumza ni kifo kingine kilichomo katika hadithi hiyohiyo, kifo cha mtu asiye stelingi, ambacho wengi wetu hatukukiona kabisa kwa sababu kilikatwa kabla filamu haijaingia ukumbini.

Marehemu huyo anaitwa Kahina Ziri, mwanamke wa Kiafrika kutoka nchi ya kubuni iitwayo Nairomi. Ameigizwa na Wunmi Mosaku, Mwingereza aliyezaliwa Zaria, Nigeria, akakulia Manchester, na ambaye mwaka 2017 alitwaa tuzo ya BAFTA kwa kazi yake ya televisheni. Katika filamu iliyotoka tarehe 25 Machi 2016 Kahina anapewa nafasi moja tu ya maana. Amekaa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, anaeleza kwamba Superman alishuka nchini kwao kumwokoa mwandishi wa habari Mmarekani, na kwamba baada ya hapo watu wake waliuawa. Anasema yake, kisha anaondoka. Mtazamaji hamwoni tena wala hasikii habari zake.

Ushahidi ule si jambo dogo katika hadithi. Ndio unaoifanya dunia ya filamu ianze kuuliza nani anamdhibiti Superman, ndio unaompa Seneta Finch sababu ya kumwita shujaa huyo ahojiwe, na ndio unaompeleka Superman mwenyewe hadi ndani ya Bunge la Marekani siku ambayo bomu linalipuka humo. Dakika 151 zimejengwa juu ya maneno ya mwanamke mmoja, na filamu haikuona haja ya kutuambia yeye ni nani, kama anasema kweli, wala kaishia wapi.

Majibu yote hayo yapo. Yalipigwa picha, yakahaririwa, yakawekwa kando, kisha yakauzwa baadaye. Toleo refu la mwongozaji Zack Snyder lilitoka kwa njia ya dijitali tarehe 28 Juni mwaka huohuo, na kwenye diski tarehe 19 Julai. Lina dakika 182. Katika nusu saa iliyorudishwa tunajua kwamba Kahina alidanganya, na tunajua kwa nini. Askari wa kukodiwa wa Lex Luthor, tajiri anayemchukia Superman, wakiongozwa na Knyazev, ndio waliowaua wapiganaji wa Nairomi kwa risasi, kisha wakazichoma maiti kwa mitambo ya kurusha moto ili ionekane ni macho ya Superman yaliyowaunguza. Kahina alifundishwa maneno ya kwenda kusema mbele ya Seneti, na alikuwa akitishwa. Hofu inamshinda, na dhamiri nayo inamsukuma. Anamwendea Seneta Finch, aliyeigizwa na Holly Hunter, anamwambia ukweli. Baada ya hapo Knyazev anamsukuma mbele ya treni.

Yaani mtu pekee katika filamu nzima anayebadili kauli yake kwa sababu ya haki, akijua atauawa, ni huyo mwanamke wa Nairomi. Batman habadiliki mpaka asikie jina la mama yake likitoka kwenye kinywa cha adui. Superman anazunguka na huzuni yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kahina anasimama, anasema nilidanganya, na anakufa kwa ajili hiyo. Wakamkata yeye.

Wahakiki wa mwezi Machi walilalamika kwamba hadithi haieleweki, na walikuwa na haki. Walihoji inakuwaje Superman alaumiwe kwa watu waliouawa kwa bunduki wakati yeye hana haja ya bunduki. Swali zuri, na jibu lake lilikuwa ule moto uliokatwa. Walihoji pia inakuwaje mtu anayeona kupitia kuta asilione bomu lililofichwa kwenye kiti cha magurudumu hatua chache kutoka aliposimama. Jibu nalo lilikuwemo: katika toleo refu Lois Lane, yule mwandishi wa habari aliyeokolewa Nairomi, anakwenda kwa mtaalamu wa maabara, aliyeigizwa na Jena Malone, na anaambiwa kwamba kiti kile kilipakwa risasi ndani, madini ambayo macho ya Superman hayapenyi. Mwenye kiti, Wallace Keefe, alikuwa na friji iliyojaa vyakula nyumbani kwake. Mtu aliyepanga kujilipua hanunui chakula cha wiki. Naye alitumiwa tu, sawa na Kahina. Na Superman, ambaye katika toleo fupi anasimama katikati ya moto kama sanamu kisha anapaa zake, katika toleo refu anawabeba majeruhi mmoja mmoja kuwatoa nje.

Hili la mwisho linaniuma kuliko yote kwa upande wa stelingi mwenyewe. Watu walitoka ukumbini wakisema huyu Superman hana huruma, roho yake ngumu, si yule tunayemjua. Huruma yake ilikuwepo, imeshapigwa picha, na gharama zake zimeshalipwa. Ilikuwa kwenye sakafu ya chumba cha mhariri.

Tunajua yaliyofuata. Katika wikiendi ya kwanza filamu iliingiza dola milioni 166 Marekani na Kanada. Wikiendi ya pili mapato yakaporomoka kwa asilimia 69, hadi dola milioni 51. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayojumlisha maoni ya wahakiki, alama zake zilibaki chini ya asilimia 30. Mapato ya dunia nzima yalifika karibu dola milioni 874, fedha nyingi kwa hesabu ya mtu yeyote, lakini filamu ya kwanza ya waigizaji hai kuwakutanisha Batman na Superman ilitarajiwa kuvuka bilioni bila jasho. Captain America: Civil War, iliyotoka mwezi Mei mwaka huohuo, iliivuka. Mwanzoni mwa 2017 Batman v Superman ikazawadiwa Razzie nne, zile tuzo za kubeza, moja ikiwa ya hadithi mbovu kuliko zote.

Hadithi mbovu. Nakubali kwamba ile iliyoingia ukumbini ilikuwa mbovu. Lakini waliokuwa na madaraka ya kuamua walikuwa na hadithi nyingine mkononi, iliyokamilika kuliko ile, na wakachagua kuipeleka ukumbini ile iliyotobolewa. Mtazamaji aliyelipa mwezi Machi alilipia kasoro, kisha mwezi Julai akaambiwa alipe tena ili apate maelezo ya alichokiona. Naliita hilo dhulma kwa mteja, na silioni jina jingine.

Sasa njoo kwenye namna filamu ile ilivyotoka kwa matumizi ya nyumbani, maana hapo ndipo jambo linapotugusa sisi wa visiwani. Toleo refu liliwekwa kwenye Blu-ray na kwenye upakuaji wa dijitali. DVD, ile diski ya bei nafuu ambayo deki ya kila nyumba inaisoma, ilibeba toleo fupi peke yake. Hata waliouziwa Blu-ray na DVD ndani ya kasha moja, DVD yao ilikuwa na dakika zilezile 151. Kwa hiyo mgawanyo haukuishia kati ya ukumbini na nyumbani. Nyumbani kwenyewe kuligawanywa: mwenye mashine ya gharama alipewa ukweli wa Kahina, na mwenye deki ya kawaida akaachiwa uongo wake. Maana ukitazama toleo fupi, unachoondoka nacho ni ule ushahidi wa uongo. Filamu haikusahihishi.

Unguja na Pemba hatukuwa na chaguo la ukumbini mwaka ule. Sisi ni watu wa sinema tangu zamani. Ukumbi wa Royal, uliosanifiwa na J. H. Sinclair, ulifunguliwa Vuga mwaka 1921, ukaja kuungua, na mahali pake ikajengwa Majestic mwaka 1955. Darajani kulikuwa na Empire, Malindi kukawa na Cine Afrique. Wazee wetu walikwenda na familia nzima, wanawake wakiwa na siku zao na nguo zao za sinema, na kesho yake nyimbo za filamu ya Kihindi zinaimbwa visimani na watu wasiojua neno moja la Kihindi. Kumbi hizo zilifungwa moja baada ya nyingine, majengo yakageuzwa matumizi au yakaachwa yachakae. Tamasha la filamu la ZIFF linatupa siku chache za turubai kubwa pale Ngome Kongwe kila mwaka, nalo nalishukuru, lakini ZIFF si mahali pa kumtazama Batman.

Kwa hiyo kwetu hakuna kile wanachokiita wenzetu toleo la nyumbani kama kitu kinachokuja baada ya filamu. Toleo la nyumbani ndiyo filamu. Tulipita kwenye kanda za VHS, tukaingia kwenye DVD zile zenye filamu nane ndani ya diski moja, jalada limejaa vichwa vya mastaa ambao nusu yao hawamo, na leo mtu anakwenda dukani Darajani, Michenzani au Chake Chake na flashi yake, anarushiwa muvi anazozitaka na nyingine za kujazia nafasi. Anayetufanyia uteuzi wa toleo ni yule kijana wa kompyuta. Na kijana wa kompyuta anatazama ukubwa wa faili. Filamu ya saa tatu inakula nafasi; ya saa mbili na nusu inaacha pengo la kuweka nyingine. Simlaumu, biashara yake ni kuijaza flashi ya mteja. Lakini hesabu anayoifanya ni ileile iliyofanywa na studio kubwa, kwamba fupi inapita mara nyingi zaidi, na anayelipia hesabu hiyo ni yuleyule.

Zaidi ya hapo, filamu nyingi zinatufikia zikiwa zimesimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, sanaa iliyopata umaarufu Dar es Salaam kwa watu kama Lufufu. Msimulizi hodari hawezi kuliacha tundu kwenye hadithi. Akiona mtu mwenye macho ya miujiza hakuliona bomu, atatafuta sababu hapohapo, atamtilia maneno mdomoni, na watazamaji wataridhika. Ninaipenda sana kazi hiyo, inahitaji akili ya haraka na ulimi mwepesi. Ila kwa Kahina haisaidii. Msimulizi anaweza kueleza kilichomo kwenye picha. Mtu ambaye hayumo tena kwenye picha hana wa kumsemea.

Jambo la filamu kukatwa si geni kwa mtazamaji wa Zanzibar, na ndiyo maana nasema tulipaswa kulishtukia mapema. Chukua Sholay ya 1975, ambayo hapa kwetu hata mtoto wa skuli amewahi kumsikia Gabbar Singh. Kwa miaka mingi tuliijua na mwisho mmoja: Thakur, aliyekatwa mikono miwili, anamkanyaga Gabbar kwa viatu vyake vya misumari, na kabla hajammaliza polisi wanatokea na kumkumbusha kuhusu sheria. Mwisho alioupiga picha mwongozaji Ramesh Sippy haukuwa huo. Thakur alimuua. Wakaguzi wa filamu wa India waliamuru ubadilishwe, na mwisho wa asili ukaja kuonekana baadaye kupitia video za nyumbani. Mwaka 2025 Sholay iliyokarabatiwa ilionyeshwa Bologna, Italia, mwisho wake wa kwanza ukiwa mahali pake. Nusu karne ukumbini mtu hana kisasi chake! Pale angalau mkasi ulishikwa na serikali, na kila mtu alijua ni serikali. Kwa Kahina mkasi ulishikwa na saa ya ukutani.

Ningeweza kuamini kwamba ni bahati mbaya tu lau ingekuwa filamu moja. Lakini rudi nyuma hadi Daredevil ya 2003, ambayo nayo iliwavunja watu moyo, na ambayo stelingi wake alikuwa Ben Affleck, huyohuyo aliyekuja kuwa Batman. Ukumbini ilikuwa na dakika 103. Mwishoni mwa 2004 likatoka toleo la mwongozaji Mark Steven Johnson kwa ajili ya nyumbani, dakika 133. Nusu saa tena. Ndani ya nusu saa hiyo kulikuwa na nini? Kulikuwa na kesi ya Dante Jackson, mtu mweusi anayeshtakiwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya, aliyeigizwa na mwanamuziki Coolio. Kesi hiyo ndiyo inayomfanya Matt Murdock, yaani Daredevil mwenyewe, aonekane kweli ni wakili, na ndiyo inayowafikisha yeye na mwenzake kwenye nyayo za Kingpin, mkuu wa wahalifu. Bila Dante, Daredevil ya ukumbini ilibaki hadithi ya mapenzi yenye ngumi. Coolio alikatwa akaisha. Hakubaki hata kivuli.

Kisha njoo mbele, kwenye Justice League ya Novemba 2017. Snyder aliiacha kazi mwaka huo baada ya msiba wa binti yake, Joss Whedon akaimalizia, na filamu ikaingia kumbini ikiwa na dakika 120. Watu walivunjika moyo kupita ile ya 2016. Tarehe 18 Machi 2021 toleo la Snyder likatoka kupitia HBO Max, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, dakika 242, na hapo tukaona nani aliyekuwa ametolewa. Victor Stone, yaani Cyborg, shujaa mweusi aliyeigizwa na Ray Fisher, kumbe alikuwa na maisha: alikuwa mchezaji wa chuo kikuu, ana mama aliyekufa katika ajali ya gari, ana baba ambaye hakufika uwanjani kumtazama mwanawe akicheza. Mama yake, Elinore, aliyeigizwa na Karen Bryson, hakuwemo kabisa katika toleo la 2017. Iris West wa Kiersey Clemons hakuwemo. Ryan Choi, mwanasayansi aliyeigizwa na Zheng Kai wa China, hakuwemo. Wote walishapigwa picha, wote wakafutwa.

Najua Michael Clarke Duncan alibaki katika Daredevil, tena katika nafasi kubwa, Kingpin mwenyewe. Adui hakatwi, kwa sababu bila adui hakuna ngumi. Wala sisemi kwamba kuna mtu alikaa chumbani na orodha ya rangi za watu. Sidhani kazi hufanyika hivyo. Mhariri anapoambiwa atoe nusu saa anajiuliza nani anaweza kuondoka na hadithi bado ikaenda. Anamtazama Batman, hawezi. Anamtazama Lois, hawezi. Macho yake yanafika kwa mwanamke aliyekuja kutoka mbali kutoa ushahidi, na anaona kwamba maneno yake yanahitajika ila yeye mwenyewe hahitajiki. Ni kama kanga iliyokatwa upande wenye jina: kitambaa kipo, rangi zipo, kilichokuwa kikisemwa hakipo. Swali la mhariri linaonekana halina ubaguzi ndani yake, na jibu limekuwa lilelile mwaka 2003, 2016 na 2017.

Watetezi wa toleo fupi wana hoja moja ya kusikilizwa, kwamba saa tatu ni nyingi, watu wana kazi na watoto, na ukumbi unaoweza kuonyesha filamu mara tano kwa siku hautaki kuonyesha mara nne. Miaka mitatu baadaye Avengers: Endgame iliingia kumbini na dakika 181, pungufu ya dakika moja tu ya toleo refu la Snyder, ikakusanya zaidi ya dola bilioni 2.79. Hakuna aliyenyanyuka kitini akalalamikia saa. Na sisi tuliokaa Majestic na Empire, au tuliosimuliwa na waliokaa, tusidanganywe kuhusu saa tatu: Mother India ya 1957 inakaribia muda huo, Sholay inaupita, na watu walirudi kuzitazama mara ya pili na ya tatu wakiwa na watoto mapajani. Mtu huchoshwa na kutoelewa. Akielewa, hukaa.

Mimi nimelitazama toleo refu zaidi ya mara moja, na sitaki kumpamba mtu. Si filamu kubwa. Jesse Eisenberg amemfanya Luthor mtu wa kugunaguna na kucheka ovyo mpaka unasahau kumwogopa. Ugomvi wa mashujaa wawili kumalizwa kwa kuwa mama zao wote wanaitwa Martha bado unanifanya niinamishe kichwa, ingawa nafahamu walichokikusudia: Batman amwone adui yake kuwa ni mtoto wa mtu. Doomsday hana uso wala neno la kukumbukwa. Saa ya mwisho ni giza na vishindo.

Na hata Kahina, pamoja na nusu saa yake, hakutendewa anavyostahili. Nairomi ni jangwa lililopigwa picha New Mexico, nchi yenye jenerali na bunduki, isiyo na soko, isiyo na skuli, isiyo na mtu hata mmoja anayecheka. Wanakijiji anaowalilia mbele ya maseneta hatuwaoni wakiwa hai. Anapokufa hakuna tanga. Filamu nzima inamzika Superman mara mbili, maziko ya taifa Washington na maziko ya nyumbani Kansas, lakini kwa mwanamke aliyekufa kwa kusema ukweli haina hata kaburi moja. Snyder alimpa sababu na kifo, mazishi hakumpa.

Hata hivyo kati ya matoleo mawili sioni mjadala. Katika lile fupi, Mwafrika aliyesimama mbele ya Seneti ni mwongo asiyejulikana kuwa ni mwongo, sauti iliyokodiwa na tajiri kumwangamiza mtu asiye na hatia, na ndivyo anavyobaki milele. Katika lile refu ni mtu aliyetishwa, aliyeteleza, akasimama tena. Ninapowaona vijana wetu wakilitazama lile la kwanza na kudhani ndiyo filamu yote, naona wamedhulumiwa kitu chao. Wao hasa, kuliko mtazamaji wa Chicago, walikuwa na sababu ya kumjua Kahina.

Ombi langu ni dogo na linawahusu wenye maduka, wa Unguja na wa Pemba. Andikeni dakika. Kwenye jina la faili, kwenye karatasi ya ukutani, kwenye jalada la diski, popote, wekeni 151 au 182 mbele ya jina la filamu, na kwa Justice League wekeni 120 au 242. Mteja ataamua mwenyewe kama nafasi ya flashi yake inatosha. Na mteja ambaye anayo tayari nyumbani na hajui ni ipi, apeleke mbele hadi baada ya ushahidi wa Seneti, aangalie kama yule mwanamke anarudi kuonana na Seneta Finch. Kama harudi, arudi dukani akaulize ya dakika 182.